Wageni wa tovuti wamepotea, wamezidi au hawalingani: tafuta chanzo kwa dalili

Malalamiko ya wenye tovuti hapa Kigoma yanajirudia. Mwenye nyumba ya wageni upande wa Bangwe ameambiwa na aliyemtengenezea tovuti kwamba anatembelewa na watu elfu nane kwa mwezi, lakini simu za kuulizia vyumba hazifiki kumi. Muuza dagaa wa Kibirizi analipia tangazo, halafu ripoti inamwonyesha kwamba karibu wateja wake wote wako Dar es Salaam. Shule ya sekondari imeona grafu ikidondoka hadi sifuri wiki moja, na mwalimu mkuu anauliza nani ameiharibu tovuti. Anayepeleka watalii Gombe anakuta watu mia tatu kutoka nchi ambayo hajawahi kupata barua pepe hata moja kutoka huko.

Mengi kati ya haya siyo matatizo ya tovuti wala ya biashara. Ni matatizo ya kipimo. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanatoa hela kwa kufuata namba hizi. Wanaongeza bajeti ya matangazo, wanamfukuza fundi, wanafunga ukurasa uliokuwa unawaletea wateja. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Nenda kwenye dalili yako, anza na ukaguzi mwepesi, na usiguse mipangilio mpaka umeumaliza. Ila sehemu inayofuata isome hata kama una haraka.

Kwanza: nani anahesabu, na anahesabu nini?

Kuna wahesabuji wanne utakaokutana nao mara nyingi. Wa kwanza ni seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti yako. Kila kinachoombwa kwake hukiandikia mstari kwenye kumbukumbu zake, na programu kama AWStats au Webalizer ndani ya cPanel (paneli ya kusimamia tovuti kwenye seva) husoma mistari hiyo na kukuchorea grafu. Wa pili ni msimbo wa JavaScript uliopachikwa kwenye kurasa, kama ule wa Google Analytics. Huu haujui lolote mpaka kivinjari cha mgeni kiupakue, kiuendeshe, kisha kitume taarifa. Wa tatu ni mtandao wa kati kama Cloudflare, unaopokea maombi kabla hayajaifikia seva. Wa nne ni Search Console, ambayo haimo ndani ya tovuti yako kabisa. Yenyewe inahesabu kwenye ukurasa wa matokeo ya Google: kurasa zako zimeonekana mara ngapi, na zimebofywa mara ngapi.

Fikiria treni ikiingia stesheni ya Kigoma. Mmoja anahesabu tiketi zilizokatwa, mwingine vichwa vinavyotoka getini, mwingine mizigo inayoshushwa. Jioni wakikutana namba zao hazitalingana, na hakuna aliyedanganya.

Huu hapa mstari mmoja wa kumbukumbu za seva. Anwani nimeiweka ya mfano:

203.0.113.25 - - [14/Jun/2025:19:42:07 +0300] "GET /bei-ya-dagaa/ HTTP/1.1" 200 18342

Usome kutoka kushoto. Kwanza anwani ya IP iliyoomba, yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti. Halafu tarehe na saa, hapa 19:42, yaani saa moja na dakika 42 usiku, na +0300 ni saa za Afrika Mashariki. Kisha ukurasa ulioombwa. Namba 200 maana yake ukurasa umepatikana na umetolewa. Ingekuwa 404, haukupatikana. Mwisho ni ukubwa wake kwa baiti. Hakuna jina la mtu hapo, wala hakuna uhakika kwamba aliyeomba ni mtu. Na ukurasa huo ukiwa na picha 25 za dagaa, mgeni mmoja anaweza kuacha mistari 26 na zaidi, maana kila picha huombwa peke yake. Ukielewa mstari huu, nusu ya dalili zinazofuata utazitatua mwenyewe.

Dalili ya 1: cPanel inasema maelfu, Analytics inasema mamia

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mara chanzo ni kulinganisha vitu viwili visivyofanana. Fungua AWStats uangalie majina ya safu. Utaona Unique visitors, Number of visits, Pages na Hits. Safu ya Hits ndiyo huwa na namba ya kupendeza, na ndiyo watu huichukua wanapojisifu. Lakini Hits ni maombi: kila picha, kila fonti, kila faili dogo la mpangilio. Mwenye nyumba ya wageni aliyeambiwa elfu nane ashuke kwenye safu ya Number of visits kwanza, ndipo amuulize fundi wake swali.

Ukishalinganisha ziara kwa ziara na bado tofauti ni kubwa, mshukiwa wa pili ni roboti, yaani programu zinazotembelea tovuti zenyewe. Googlebot na bingbot hupita kusoma kurasa ili ziingie kwenye matokeo ya utafutaji. AhrefsBot na SemrushBot hukusanya taarifa za viungo, GPTBot hukusanya maandishi. Wapo pia wasiojitambulisha. Kiungo chako kikibandikwa Facebook, seva hutembelewa na facebookexternalhit inayokuja kuchukua picha na kichwa cha habari. Wengi wa hawa huacha mstari kwenye kumbukumbu lakini hawaendeshi JavaScript, hivyo Analytics haiwaoni. AWStats hujaribu kuwatenga wale inaowafahamu na kuwaweka kwenye safu ya trafiki isiyotazamwa na watu, ila anayejifanya Chrome ya kawaida humpita. Cloudflare nayo huhesabu maombi yote yaliyoifikia, kwa hiyo usishangae namba yake ikizidi zote.

Sababu ya tatu ni namna kila mmoja anavyomtambua mgeni. AWStats humtambua kwa anwani ya IP, na ziara mpya huanza akikaa kimya kwa saa moja. Google Analytics humtambua kwa kidakuzi, yaani alama ndogo iliyohifadhiwa kwenye kivinjari chake, na kwa kawaida ziara hufungwa baada ya dakika 30 za ukimya. Sasa fikiria kampuni ya simu inayowapitisha wateja wake wengi kwenye anwani moja ya IP. Watu ishirini wa Mwanga na Ujiji wanaweza kuonekana kwa AWStats kama mtu mmoja. Upande wa pili, mtu mmoja mwenye simu na kompyuta ya ofisini huonekana kwa Analytics kama wawili, na akifuta vidakuzi anahesabiwa upya. Safari, kivinjari cha iPhone, hufupisha maisha ya vidakuzi vya namna hii hadi siku saba, kwa hiyo mtalii anayepanga safari ya Mahale na kurudi kwenye ukurasa wako baada ya wiki mbili anaweza kuingia tena kama mgeni mpya.

Ya nne inatuhusu sana sisi wa huku. Mtu aliye Kagunga au Buhingu, mtandao ukiwa wa kusuasua, anafungua ukurasa wako mzito, anasubiri, anachoka, anafunga. Seva imekwisha kuandika kwamba ameomba. Msimbo wa Analytics ulikuwa bado haujapakuliwa, kwa hiyo kwake huyo mtu hakuwahi kuja. Opera Mini katika hali yake ya kubana data sana huandaa ukurasa kwenye seva zake na kuupunguzia JavaScript, na Brave huzuia vifuatiliaji vya aina hii tangu mwanzo. Watu hawa ni wa kweli, na baadhi yao ni wateja.

Ufanye nini? Ukitaka kujua watu, tumia Analytics na ubaki nayo. Ukitaka kujua afya ya seva, makosa na mashambulizi, soma kumbukumbu za seva. Usitafute wastani wa hizo mbili. Wastani huo haupimi kitu chochote. Kinachofaa kufuatiliwa ni uwiano. Kama kwa miezi ziara za AWStats zimekuwa mara mbili ya zile za Analytics, halafu mwezi huu zimekuwa mara sita, hapo pana jambo: ama roboti zimeongezeka, ama msimbo wa Analytics umeng'oka kwenye baadhi ya kurasa.

Na ukitaka kununua nafasi ya tangazo kwenye tovuti ya mtu, usikubali picha ya skrini. Omba uongezwe kwenye Analytics yake kama mtazamaji tu. Nafasi hiyo ipo, haimruhusu aliyeongezwa kubadilisha chochote, na mwenye namba za kweli hana sababu ya kukukatalia.

Dalili ya 2: Namba zimeanguka ghafla, au ni sifuri

Fungua tovuti kwenye simu yako, kwa bando na siyo wifi ya ofisini, katika hali fiche ya kivinjari. Kisha uangalie ripoti ya Realtime kwenye Analytics, inayoonyesha dakika 30 zilizopita. Ukaguzi huu unakamilika kabla chai haijapoa na unakupa majibu matatu tofauti.

Kama tovuti haifunguki, basi siyo kipimo. Angalia domeini, yaani jina la tovuti yako, kama imeisha muda; mwenye .co.tz au .or.tz anayelipia mwaka kwa mwaka husahau sana. Angalia cheti cha usalama, kwa sababu vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku 90, na usasishaji wa moja kwa moja ukikwama kivinjari humtisha mgeni kwa onyo jekundu. Wengi hawatabonyeza kuendelea.

Kama tovuti inafunguka na Realtime inakuona, kuna uwezekano ripoti za kawaida hazijakamilika. Google yenyewe huhitaji saa 24 hadi 48 kuchakata data. Usihukumu siku ya jana kwa ripoti ya leo asubuhi.

Kama tovuti inafunguka na Realtime haikuoni, msimbo haufanyi kazi. Kabla hujahitimisha hivyo, hakikisha kivinjari chako hakina kizuia matangazo, maana kitakuficha wewe mwenyewe. Sababu ya kawaida hapa ni kusasisha mandhari (mafaili ya mwonekano) ya WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi: msimbo uliokuwa umebandikwa kwa mkono ndani ya faili la kichwa hufutwa na toleo jipya. Inayofuata ni plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, iliyozimwa au iliyopoteza muunganisho na akaunti ya Google. Kisha ni kitambulisho kisicho sahihi. Fungua chanzo cha ukurasa kwenye kompyuta, utafute herufi G ikifuatwa na kistari na herufi nyingine. Ulinganishe na kilichoandikwa ndani ya akaunti yako, herufi kwa herufi. Ukikuta kinachoanza na UA, huo ni mfumo wa zamani ambao kwa akaunti za kawaida Google iliacha kuchakata data zake tarehe 1 Julai 2023. Bado nakutana na tovuti za taasisi zinazoutuma kila siku bila kupata kitu.

Suluhisho la kudumu ni kuuweka msimbo kupitia plagini au mandhari tegemezi (child theme, isiyofutwa mandhari kuu ikisasishwa), usiguse tena faili la mandhari kuu.

Kuna anguko la aina nyingine, lile la pole pole, ambalo kumbukumbu za seva zinashuka na Analytics inashuka pamoja. Hilo ni la kweli. Wahesabuji wawili wanaosimama sehemu tofauti wakikubaliana, waamini. Nenda Search Console uone kama mibofyo kutoka Google imepungua, kisha ndani ya WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji, uangalie kama kuna aliyeweka tiki ya kuzuia injini za utafutaji. Mafundi huiweka wakati wa matengenezo na kuiacha.

Dalili ya 3: Namba zimepaa, mauzo yamebaki palepale

Kabla ya kushangilia, uliza maswali manne: wametoka wapi, wameingia ukurasa gani, saa ngapi, wamekaa muda gani. Majibu yakiwa tofauti tofauti, yaani simu za aina nyingi, kurasa mbalimbali, saa za kawaida za watu, pengine ni wageni kweli. Tovuti ya shule hupaa siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo, hata kama matokeo yenyewe hayapo hapo; wazazi wa Kasulu na Kibondo wanaandika jina la shule Google na wanaanguka kwako. Siku mbili baadaye grafu inarudi ilipokuwa. Hapo huna cha kurekebisha.

Chanzo kinachofuata ni wewe na watu wako. Tovuti ndogo yenye ziara 40 kwa siku, ikiwa katibu muhtasari anaifungua kila anapowasha kompyuta na fundi anaijaribu siku nzima, robo ya namba inaweza kuwa ya nyumbani. Kuwatenga kwa anwani ya IP hakufai kwa wanaotumia intaneti ya simu, kwa kuwa anwani hubadilika na wanachangia na wengine. Njia nyepesi ni kuiambia plagini isihesabu walioingia kwa akaunti ya WordPress. Ukiamua kutumia kichujio cha data ndani ya Analytics, kiache kwanza katika hali ya majaribio. Data iliyotengwa na kichujio kilichowashwa hairudi tena, hata ukikifuta.

Tatu, kuhesabu mara mbili. Msimbo upo kwenye mandhari, upo kwenye plagini, na mtu mwingine ameuweka tena kupitia Tag Manager, chombo cha Google cha kupachika misimbo. Dalili yake ni ya wazi: kurasa zilizotazamwa zimekuwa karibu mara mbili kamili kuanzia siku fulani, huku idadi ya watu haijabadilika. Jaribu mwenyewe usiku ambao hakuna wageni. Fungua ukurasa mmoja mara moja, uangalie Realtime. Tukio la page_view (ukurasa kutazamwa) likionekana mara mbili, tafuta msimbo wa pili na uuondoe. Andika tarehe uliyouondoa, kwa sababu mwezi ujao mtu ataona namba zimeshuka na kuuliza.

Nne, roboti zinazoendesha JavaScript. Analytics hutenga roboti zinazojulikana bila wewe kufanya lolote, lakini haziishi. Utazitambua kwa kufanana kwake: nchi moja au mji mmoja, kivinjari kimoja, ukubwa mmoja wa skrini, sekunde sifuri, zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukiona zimetokea kwenye tovuti yenye jina la ajabu, usiifungue kuangalia ni nini. Zitenge kwenye ripoti unayompa bosi, na kama umetumia Cloudflare washa kinga yake dhidi ya roboti.

Dalili ya 4: Wateja wote wanaonekana wako Dar es Salaam

Muuza dagaa anajua kabisa wanaompigia wako Gungu, Uvinza na Kasulu. Ripoti inasema Dar es Salaam. Anaanza kufikiri tangazo lake linaonyeshwa kwa watu wasio sahihi.

Analytics haijui mtu alipo. Haisomi GPS ya simu. Inachukua anwani ya IP, inaangalia anwani hiyo imesajiliwa au inatokea wapi, inaandika mji, kisha anwani haihifadhiwi. Intaneti ya simu inayoanzia mnara wa Kigoma mara nyingi husafirishwa ndani ya mtandao wa kampuni mpaka kwenye mitambo yake mikubwa ndipo itoke kwenda duniani. Mitambo hiyo ikiwa Dar es Salaam, mtu aliyekaa kandokando ya ziwa anaandikwa kuwa yuko huko. Hakuna mpangilio wa kwenye tovuti yako unaoweza kulibadilisha hili.

Mpakani kuna jambo jingine. Wafanyabiashara wengi wa hapa wana laini ya Burundi au ya Kongo kwenye simu moja na ya Tanzania. Laini ya nje ikitumia mtandao wa wengine, data zake kwa kawaida hurudishwa kwenye kampuni iliyoitoa laini, na huko ndiko anakoonekana. Kwa hiyo ripoti ikikuambia una wageni 12 wa Burundi, wamo waliokaa Bujumbura na wamo walio Manyovu na hata sokoni Kigoma. Anayetumia VPN, programu inayopitisha intaneti yake kwenye seva ya mbali, naye ataonekana Uholanzi au Marekani bila kuvuka mto Malagarasi.

Nchi unaweza kuitumia kwa tahadhari. Mji, kwa mikoa yetu, achana nao. Ukihitaji kujua wateja wako wanatoka wapi, wekea fomu ya oda kipengele cha mahali, au tengeneza kiungo tofauti kwa kila sehemu unapobandika tangazo: bango la Kibirizi na msimbo wake wa QR, la stendi ya mabasi na wake.

Dalili ya 5: Wengi wamewekwa kundi la Direct

Direct ingemaanisha mtu ameandika anwani yako mwenyewe. Ukweli ni kwamba kundi hilo ni la kila ambaye Analytics haikuona alikotoka. Na kwetu, mtuhumiwa namba moja ni WhatsApp. Kivinjari kikifungua kiungo kilichobofywa ndani ya WhatsApp, kwa kawaida hakipewi taarifa ya ukurasa wa nyuma, kwa hiyo mteja aliyetoka kwenye stetasi yako na yule aliyeandika anwani kwa kidole huwekwa kapu moja. Vivyo hivyo kwa ujumbe mfupi, faili la PDF na baadhi ya barua pepe.

Dawa ni kuweka alama kwenye kiungo kabla ya kukituma. Mwishoni mwa anwani unaongeza:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=migebuka-julai

Herufi za mwanzo za utm zimetokana na Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuitumia kujenga Analytics. Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni herufi kubwa na ndogo: WhatsApp na whatsapp ni vyanzo viwili tofauti machoni pa programu, kwa hiyo andika zote ndogo. La pili ni kubuni utm_medium ya kwako, mfano "stetasi". Analytics inaweza isiijue, na wageni wanaweza kuangukia kundi la Unassigned, yaani wasio na kundi. Tumia social, na neno la kwako uliweke kwenye utm_campaign. La tatu ni kuweka alama hizi kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako yenyewe. Usifanye hivyo kamwe. Mtu aliyetoka Google akibofya kiungo cha namna hiyo, kumbukumbu ya alikotoka kweli inavurugika.

Kama bango limekwisha chapishwa bila alama, tengeneza ukurasa mfupi wa pekee kwa tangazo linalofuata. Yaliyopita hayawezi kutenganishwa.

Dalili ya 6: Watu wanakaa sekunde chache na kuondoka

Mara nyingi ni kwamba wamepata walichotaka. Aliyekuja kutafuta namba ya simu ya nyumba ya wageni huiona, anapiga, anaondoka. Analytics ya sasa huihesabu ziara kuwa yenye ushiriki ikizidi sekunde 10, au ikiwa na kurasa mbili na zaidi, au ikiwa na tukio ulilolitaja kuwa muhimu. Kwa hiyo weka kubofya namba ya simu na kitufe cha WhatsApp kuwa matukio muhimu. Baada ya hapo ziara ya sekunde sita iliyoleta simu itahesabiwa inavyostahili.

Sababu ya pili ni uzito wa ukurasa. Picha za kamera za megabaiti tano kila moja zinamlia mgeni bando kabla hajaona bei. Zipunguze kabla ya kuzipandisha. Katika kazi zote zilizotajwa humu, hii ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote, na haihitaji fundi.

Dalili ya 7: Search Console na Analytics hazipatani, au data za zamani hazionekani

Search Console huhesabu mibofyo, Analytics huhesabu ziara. Mtu akibofya akarudi kabla msimbo haujapakuliwa, ipo upande mmoja tu. Pia siku zao hazianzi pamoja. Ripoti za kila siku za Search Console hufuata saa za California, kwa hiyo siku yake huanza kwetu saa nne au saa tano asubuhi kulingana na majira yao. Analytics hufuata saa za eneo ulizochagua wakati wa kufungua akaunti. Hakikisha ni za Tanzania.

Kuhusu data za zamani: Search Console hutunza miezi 16. Analytics ya bure hutunza data za kina kwa miezi 2 usipogusa kitu, na inaruhusu hadi 14. Ingia kwenye mipangilio ya utunzaji wa data leo uipandishe. Haitarudisha yaliyofutika.

Acha hapo, mwite mtaalamu

Kumbukumbu zikionyesha maombi mfululizo ya wp-login.php au xmlrpc.php, mtu anajaribu nywila zako. Badilisha nywila, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na ukiona seva inazidiwa muite fundi. Lakini ukiona mafaili ya php usiyoyajua ndani ya folda ya picha yakijibu kwa namba 200, au Search Console inaonyesha kurasa za kamari au za lugha ya Kijapani ambazo hukuziandika, tovuti imekwisha kuingiliwa. Usianze kufuta. Ukifuta ovyo unaondoa ushahidi wa mlango alioingilia, na atarudi kwa mlango huohuo. Pakua kumbukumbu za seva mara moja, kwa kuwa wahifadhi wengi huzifuta baada ya muda mfupi.

Usifute mali (property) ya Analytics, yaani sehemu inayotunza data za tovuti yako, ili "uanze upya". Hukaa kwenye pipa la taka siku 35, kisha hupotea kabisa na historia yako yote.

Angalia pia anwani za kurasa ndani ya ripoti. Ukiona kitu kama /asante/?simu=07 ikifuatwa na namba nzima, fomu yako inamwaga namba za simu za wateja kwenye Analytics. Google inakataza, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zima fomu hiyo kwanza, kisha fundi abadilishe namna inavyotuma taarifa. Na kama zimepita namba nyingi, shauriana na mwanasheria kuhusu wajibu wako kwa wateja hao.

Unapomwita fundi, mwandalie tarehe ambayo namba zilibadilika, kilichosasishwa wiki ile, picha za ripoti mbili zinazogombana zikiwa za tarehe zilezile, na kumbukumbu za seva za siku hizo. Usimpe nywila yako ya Google. Mwongeze kwenye Analytics kwa barua pepe yake, mpe ngazi inayotosha kazi aliyoitiwa, na kazi ikiisha mwondoe.